Salamu ya Mzee Alfonsi Kwenye Dirisha Jeusi

Nyie mlioshika kibodi sasa, ambao mkinipigia simu mnaanza na "shikamoo mama" kisha mnashusha pumzi kama watu waliopotelewa na mbuzi, karibuni mkae. Leo sina haraka. Mahindi nimeshapalilia, ulezi nimemwachia Mungu agawane na ndege, na ukungu hapa kijijini Kate bado haujaamua kama unaondoka au unashinda. Asubuhi za namna hii mawazo yangu hujiendea mjini Sumbawanga bila nauli, yakaingia kwenye kile chumba cha redio chenye mazulia ukutani, yakakaa mbele ya dirisha jeusi na kusahau kurudi.

Dirisha jeusi ndivyo tulivyoita ile sehemu ya kompyuta isiyo na picha wala mapambo, ambayo unaiandikia amri kwa maneno nayo inakujibu kwa maneno. Mashine yetu ya kurushia matangazo ilipowashwa, kabla haijafanya lolote, ilisoma kwanza faili moja dogo la maandishi, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Faili hilo ndilo lililoiambia iko wapi na kazi yake ni nini: rekodi zimewekwa wapi, sauti ipite njia gani, maikrofoni ifunguliwe, programu ya matangazo ianze. Tuliliita faili la mwamko. Likiwa zima hakuna anayejua kama lipo. Likiwa na kosa la mwandiko, lile ambalo vitabu huliita kosa la sintaksia, mashine huamka kama mtu aliyekurupushwa ndotoni. Macho yako wazi, lakini jina lake halijui.

Nilikaa na faili hilo kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu, na nadhani tulielewana zaidi. Unisamehe, Baba Tito, huko uliko.

Aliyenifundisha ni Bruda Gaudensi, mtawa wa misheni, mtu mrefu mwenye vidole vinene vilivyozoea spana. Kabla ya redio alikuwa akitengeneza mashine za kusaga. Redio yenyewe ilianza na kanda. Utepe ukichomoka tuliurudisha kwa penseli, tukizungusha na kusali. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, Bruda aliinusa.

"Haina mafuta," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Baadaye aliipenda kuliko sisi sote. Alisema mashine ya kusaga ikiharibika inanyamaza, hujui pa kuanzia, lakini hii ikiharibika inasema. Shida yake ni kwamba inasema pale ilipochoka, si pale ilipoumia. Hilo ndilo somo la kwanza, na kama mtaondoka na moja tu, ondokeni nalo. Mashine ikikwambia "mstari wa mwisho una kosa", usiukimbilie mstari wa mwisho. Mtoto akiingia jikoni analia, hakuangukia jikoni. Alianguka uani, akatembea na kilio chake mpaka alipokuona.

Bruda alikuwa na namna yake ya kutafuta kosa. Alilichapisha faili kwenye karatasi, akatoka nje juani, akalisoma kwa sauti kama anayesoma somo la kwanza kanisani, pamoja na alama zote. "Fungua semi. Funga semi. Fungua mabano. Funga mabano." Watu waliokuja kuleta matangazo yao walikaa kwenye benchi wakimsikiliza kwa heshima, wengine wakidhani ni sala ya Kilatini. Nilipomuuliza kwa nini asisome kimya, alisema jicho lina huruma mno, linajaza lenyewe kile kilichokosekana. Mdomo haujazi kitu. Mpaka leo nikisoma risiti dukani nasoma kwa sauti, na wajukuu wangu wanajifanya hawanijui.

Basi kulikuwa na Venansi, fundi mwenzangu. Nilimtangulia kazini kwa miaka mingi, kwa hiyo aliniita Dada Edita hata pale alipotamani kuniita jina jingine. Venansi ana mikono myepesi na moyo mzuri, na makosa ya nchi hii yote yalikuwa yakimpenda yeye. Mara moja alikuwa Laela kwa wakwe zake, msimu wa kununua mahindi, sauti ya studio ikakatika mjini. Akaniandikia mstari wa kurekebisha kwenye simu, akanitumia kwa WhatsApp, nami nikaunakili ulivyo. Mashine ikaukataa. Nikausoma kwa macho, hauna tatizo. Nikausoma kwa mdomo, hauna tatizo. Mwisho nikavaa miwani na kusogeza pua kwenye skrini. Simu yake ilikuwa imezipamba alama za semi, ikazipinda kidogo zipendeze, na mashine haizijui alama zilizopinda. Inazijua zile zilizosimama wima tu. Kwa hiyo wanangu, mstari ukitoka kwenye simu, futeni alama zake zote mzipige upya kwa vidole vyenu. Venansi alisema simu ilitaka kumsaidia tu. Nikamwambia hata mbuzi anayekula nguo kwenye kamba anadhani anasaidia kuanua.

Mara nyingine aliandika kwenye faili hilo hilo maneno ya kipindi cha wafugaji, akayafunga kwa ile alama moja moja, akasahau kwamba ndani ya neno ng'ombe kuna alama ya namna ile ile. Mashine ilipofika kwa ng'ombe ikadhani semi zimefungwa, na kilichobaki chote kikazagaa nje. Siku hiyo ofisi nzima ilicheka. "Venansi, ng'ombe wamebomoa zizi!" Tangu hapo tukawa na sheria kwamba maneno ya watu yafungwe kwa alama mbili mbili, ng'ombe wawepo wasiwepo.

Sheria nyingine nawapa kwa mkupuo, maana hizi mnazihitaji kesho asubuhi. Kabla ya kugusa faili la mwamko, toa nakala, hata kama unaongeza nukta. Ukimaliza kulibadilisha, usitoke mle ulimo. Fungua dirisha la pili ujaribu kuingia upya, na ukishapita salama ndipo ufunge la kwanza. Kuna amri inayoiambia mashine isome faili bila kutekeleza kitu, iseme tu kama sentensi zimekamilika. Itumieni kila mara, haina gharama. Na ukikosa kabisa pa kushika, kata faili nusu. Kagua nusu ya juu peke yake. Ikiwa mgonjwa, kosa liko humo, ikate tena. Lakini kata penye mstari mtupu, usikate katikati ya sharti lililofunguliwa, yaani amri ya kama hivi fanya vile isiyofungwa bado, la sivyo utatengeneza kosa jipya na kulikimbiza mpaka jioni. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Sasa niwaambie habari ya salamu, kwa sababu nasikia kuna anayetaka kuzifuta.

Mnajua kwetu Ufipa mtu haingii kwa watu kimya kimya. Wakubwa huinama, hupiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, na habari huulizwa moja moja: nyumbani, watoto, mifugo, shamba. Neno lililokuleta linangoja nje mpaka salamu iishe. Bruda Gaudensi alipozeeka na kuitwa akapumzike nyumba ya watawa, siku ya mwisho aliketi akaandika mstari juu kabisa ya faili la mwamko. Haukuwa na kazi yoyote ya kiufundi. Ulionyesha maneno tu kwenye dirisha jeusi mashine inapoamka: "Amani kwenu mnaoingia. Mmeamkaje?" Kisha akafuta meza kwa kitambaa na kwenda zake.

Nililia kwenye choo cha wafanyakazi, sioni aibu kusema.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila aliyeondoka kazini kwa heri aliacha salamu yake chini ya ile ya Bruda. Umeme wetu nao ulituhakikishia hatuzikosi, maana mashine ilikuwa ikizimika mara kwa mara, na kila ikiwaka upya, salamu zinapita. Nakumbuka asubuhi za Juni, baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno, nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, ukungu umebandikwa kwenye kioo cha mlango wa nje, na ndani maneno ya watu ambao hawapo yanapanda moja moja kwenye weusi. Nilikuwa nayajibu kwa sauti ya chini. Kuna asubuhi nilikuwa sijui kama nimeshaamka au bado naota kitandani, na sikuona haja ya kujua.

Mzee Alfonsi ndiye aliyekuwa msomaji wetu wa matangazo ya vifo na wito. Kama mlikulia Ufipa mnaikumbuka sauti yake, hata kama jina hamlijui. Saa saba mchana watu waliacha majembe. Alisoma pole pole, jina la anayeitwa alilirudia mara mbili, katikati akiacha kimya kidogo, ili kama uko mbali na redio upate kukimbia na kusogea. Alimfundisha hivyo hivyo Veronika, aliyekuja kushika nafasi yake. "Usimsomee aliye karibu," alikuwa akimwambia. "Msomee aliye kilimani na upepo unavuma."

Mzee alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Simoni, ambaye aliteremkia Bonde la Rukwa kufuga ng'ombe pamoja na Wasukuma, akaoa huko huko. Hawakugombana. Ila bondeni ni mbali, msimu wa malisho mtandao wa simu hakuna, na baba na mwana wote walikuwa watu wa maneno machache, ajabu kwa mtu anayekula kwa kusema. Mzee alikuwa akitutania, "Mimi nimeita watoto wa watu maisha yangu yote. Siku yangu ikifika, huyu wangu naye ataitwa hapa hapa." Tulicheka. Lakini nilimwona mara nyingi, akimaliza kusoma, anaangalia upande wa bonde, ingawa chumba kile hakina dirisha la kuonyesha nje.

Siku aliyostaafu mimi nilikuwa Kasesya, mpakani, nahangaika na antena yetu. Aliomba salamu yake aiandike mwenyewe. Venansi akamfungulia faili, akamwekea kidole kwenye mstari wenyewe, akamkumbusha alama mbili mbili kwa sababu ya ng'ombe. Mzee akagonga herufi moja moja kwa kidole cha shahada mpaka chai ikapoa. Akamaliza, akasimama, wakakumbatiana. Venansi akahifadhi faili. Hakulikagua na wala hakutoa nakala.

Nilipomuuliza baadaye kuhusu nakala alinijibu, "Ilikuwa salamu tu, Dada."

Na kwa kuwa betri mpya zilikuwa zimefungwa, mashine haikuzimika tena. Hili nalo mlijue: kosa la faili la mwamko hulala. Unaliandika leo, mashine inaendelea na kazi kwa sababu ilishaamka zamani. Linangoja siku mashine itakapozimwa na kuwashwa, na siku hiyo haichagui.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Radi zilianza alfajiri, umeme ukakatika, betri zikavumilia zikachoka, mashine ikafa. Nilipofika nikiwa nimelowa mpaka mifupani, nilimkuta Veronika kwenye benchi la matangazo, ameshika karatasi, machozi yanamtoka bila kelele. Mpwa wake Mzee Alfonsi alikuwa ameileta. Mzee ameondoka usiku, usingizini. Mazishi kesho asubuhi kijijini kwake. Simoni anaitwa.

"Simu wamempigia tangu alfajiri," Veronika akasema. "Haipatikani. Akisikia saa saba, anapanda leo. Asiposikia..."

Tangazo jingine lilikuwa la jioni, na barabara ya kupanda kutoka bondeni mvua ikinyesha inageuka uji. Jioni hakuna dereva anayeijaribu. Asiposikia saa saba, baba yake angezikwa bila yeye.

Umeme ukarudi asubuhi ikiwa imekwenda. Tukawasha mashine. Dirisha jeusi likafunguka, salamu ya Bruda ikapanda, na za wengine waliomfuata. Kisha yakaja malalamiko ya Kiingereza kwamba katika mstari fulani kuna semi zilizofunguliwa hazikufungwa, na faili limekwisha kabla ya wakati. Programu haikuanza. Maikrofoni haikufunguka. Siku hizi hata sauti ya mtu hupitia ndani ya kompyuta kwanza, kwa hiyo redio nzima ilikuwa bubu, kuanzia mjini mpaka bondeni.

Mstari uliotajwa ulikuwa wa mwisho kabisa, wa kiwango cha sauti. Aliyeuandika ni Venansi.

"Venansi tena!" Veronika akapiga kelele.

"Naapa, Dada Edita, huo sijaugusa tangu mwaka uliopita! Uangalie mwenyewe!"

Niliingia kwa mlango wa nyuma, maana mashine inakubali kuingiwa bila kulisoma faili la mwamko. Jifunzeni njia hiyo kabla hamjaihitaji. Nikauangalia mstari wa Venansi. Ulikuwa mzima. Akaufuta, akauandika upya, tukajaribu. Malalamiko yale yale. Akaondoa alama zake. Malalamiko yakahamia mstari wa juu yake. Hapo nikamshika mkono. Tulikuwa tunamfuata mtoto jikoni.

Nakala ya zamani ilikuwepo, ya kabla hatujabadilisha njia za sauti, na isingetufaa. Kuandika amri zote kwa mkono kungetupeleka jioni. Nikavuta kiti. Nje mvua ilikuwa imepungua na ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi, na nawaambia kweli, katika haraka ile yote nilihisi utulivu wa ajabu, kama mtu anayesikia nyayo za anayemfahamu. Nikakata faili nusu, penye mstari mtupu. Nusu ya juu ilikuwa mgonjwa. Nikaikata tena. Mgonjwa bado. Tukabaki na salamu tu mbele yetu.

Ndipo nikakumbuka kwamba mashine ilikuwa imetuambia tangu mwanzo. Ilitusalimu kwa salamu ya Bruda, na ya wengine, kisha ikakwama. Nani hakutusalimu?

Nikaanza kusoma kwa sauti, na alama zote, kama juani.

"Fungua semi. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Ng'ombe hawajambo? Mashamba yamestawi? Na walio bondeni, wazima?"

Chini yake kulikuwa na mstari mtupu. Halafu yakafuata mambo mengine ya mashine. Semi hazikufungwa. Kwa hiyo kila kitu kilichofuata, njia za sauti, maikrofoni, programu, mashine ilikuwa imekihesabu kuwa ni maneno ya Mzee Alfonsi, ikaendelea kumsikiliza mpaka faili likaisha. Alama za watu wengine zote chini zikageuka, ya kufungua ikawa ya kufunga, na iliyobaki peke yake mwishoni ilikuwa ya Venansi. Maskini Venansi.

"Alisahau," Venansi akasema, kwa upole wa mtu aliyeponea chupuchupu. "Futa huo mstari, Dada. Muda unakwenda."

"Usifute," Veronika akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hakusahau. Mzee alikuwa hamalizi salamu. Hujawahi kumsalimia wewe? Anauliza, ananyamaza, anakungoja. Anayesalimiwa ndiye anayemaliza."

Nikautazama ule mstari mtupu. Nafasi ya kutosha kuandika neno. Alikuwa ametuachia nafasi yetu, na sisi tukawa tumekaa wiki nyingi ndani ya nyumba ile bila kuitikia, naye yuko nje, na mashine nzima imesimama nyuma yake inangoja adabu itimie. Nilikasirika, na mimi mwenyewe sijui nilimkasirikia nani.

Nikatoa nakala kwanza. Ndiyo, hata siku hiyo. Kisha nikaandika kwenye ule mstari: "Nyumbani salama, Mzee. Watoto hawajambo. Ng'ombe hawajambo. Mashamba yanapata mvua." Nikafika kwenye walio bondeni, vidole vikasimama. Ningesema nini? Sikuwa na habari zao. Nikaruka, nikafunga semi. Nikaiambia mashine isome bila kutekeleza. Ikasoma, haikulalamika. Tukaizima, tukaiwasha.

Bruda akatusalimu. Wa pili, wa tatu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu yaandikwe, maneno ya Mzee Alfonsi yakapanda kwenye dirisha jeusi, swali moja moja, na majibu yangu chini yake. Yeye akiwa amelazwa sebuleni kwake, anatuuliza habari za nyumbani.

Sijui nani alianza. Nadhani ni Veronika. Aliinama akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, na mimi nikafuata, na Venansi, tukiwa tumeinama wote watatu mbele ya kompyuta ambayo taa zake zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine. Maikrofoni ikafunguka. Veronika akajifuta uso, akaketi, na saa saba ilipogonga akasoma. Alisoma kama anamsomea aliye kilimani na upepo unavuma. "Simoni." Akanyamaza, kimya kile cha kukimbia na kusogea. "Simoni. Popote ulipo."

Redio ni kazi ya kusema bila kujua. Unaita, halafu unakwenda kula ugali. Usiku ule sikula.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito hata jeneza lilionekana likielea. Kwaya iliimba, ikamaliza, ikarudia. Padre akamtazama mpwa wa marehemu, mpwa akatazama chini. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba mvua inarudi. Nilikuwa nimemshika Veronika mkono. Na padre alipofungua kitabu, akatokea mtu kutoka kwenye weupe ule, matope mpaka kiunoni, koti la Kisukuma limemganda mwilini, nyuma yake baba mkwe wake akihema. Watu walifungua njia, Simoni akapita, akapiga goti, akachukua udongo.

Alikuja studio baada ya matanga. Alikaa kwenye benchi la matangazo kama mteja yeyote, kofia mkononi.

"Redio ilikuwa kimya tangu asubuhi," akaniambia. "Nikadhani betri zangu zimekufa. Sikuizima, mama. Niliiacha tu inakoroma pale kwenye mti, nikachunga. Halafu nikasikia naitwa."

Nilimwingiza ndani nikamfungulia dirisha jeusi lipitishe salamu. Akaisoma ya baba yake kwa midomo, bila sauti, kama watu wa kwao wanavyosoma. Akafika chini, akarudia, akanigeukia.

"Hili la bondeni hamkulijibu."

"Halikuwa letu," nikamwambia.

Nikatoa nakala, nikamfungulia faili, nikamwonyesha pa kuandikia. "Kabla ya alama hii. Hii usiiguse, hii ndiyo inayofunga." Akagonga kwa kidole kimoja, herufi moja moja, vile vile kama nilivyosimuliwa kuhusu baba yake. Venansi alisimama mlangoni, na safari hii alilikagua faili mara mbili.

Kwa hiyo nyie mnaosafisha mafaili, mnaosema mistari ile haina kazi, mnielewe. Mimi yangu ipo pale pia, nimeifunga vizuri, mnaweza kuifuta mkitaka, sitagomba sana. Hiyo ya Mzee Alfonsi iacheni. Siku umeme ukikatika na mashine ikawaka upya, kaeni kidogo na chai yenu, msubiri ipande. Maswali kwanza, kisha majibu yangu, na chini kabisa mstari wa Simoni:

"Hawajambo, baba. Nimefika."